Bajeti ya Kaunti ya Jiji la Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wakazi Wanaotaka Kuifuatilia

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya mkazi wa Nairobi anayelipa leseni ya duka, ada ya maegesho au kodi ya ardhi, na ambaye angependa kujua fedha hizo huishia wapi bila kulazimika kwanza kusomea uhasibu. Majibu yake yamejikita katika Katiba ya 2010, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 pamoja na kanuni zake za 2015, na mwenendo wa kaunti yenyewe tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013.

Bajeti ya Nairobi ni kubwa kiasi gani, na fedha zake hutoka wapi?

Tuchukue mwaka wa fedha wa 2023/24, ulioanza tarehe 1 Julai 2023 na kufungwa tarehe 30 Juni 2024. Bajeti iliyopitishwa na Bunge la Kaunti ilikuwa takriban shilingi bilioni 42.3. Katika kiasi hicho, bilioni 20 na kidogo zilitarajiwa kutoka kwa serikali ya kitaifa kama mgao wa kaunti katika mapato ya taifa, na karibu bilioni 20 nyingine zilitarajiwa kukusanywa na kaunti yenyewe. Sehemu ndogo iliyosalia ilikuwa ruzuku zenye masharti, yaani fedha zinazotolewa na serikali ya kitaifa au wafadhili kwa kazi maalumu, ambazo haziwezi kuhamishiwa kazi nyingine.

Hali hii inaitofautisha Nairobi na kaunti nyingi kati ya zile 47. Kwingineko mgao wa kitaifa ndio uti wa mgongo, na mapato ya ndani ni nyongeza tu. Nairobi, angalau kwenye karatasi, hujitegemea kwa karibu nusu. Maneno hayo "kwenye karatasi" yashikwe vizuri, kwa kuwa sehemu kubwa ya matatizo yanayoelezwa hapa chini huanzia hapo.

Mapato ya kaunti yenyewe ni yapi?

Kifungu cha 209 cha Katiba kinataja kodi mbili ambazo kaunti zinaweza kutoza bila kuhitaji idhini ya sheria nyingine ya Bunge, nazo ni kodi ya mali isiyohamishika, inayojulikana zaidi kama kodi ya ardhi au reti, na kodi ya burudani. Mbali na hizo, kaunti inaweza kutoza ada kwa huduma inazozitoa. Ndiyo maana wakazi hulipia maegesho, leseni za biashara, vibali vya ujenzi, mabango ya matangazo, vibanda vya soko na kodi ya nyumba za kaunti. Viwango vya ada hizi huwekwa kila mwaka katika Sheria ya Fedha ya kaunti.

Kodi ya ardhi inastahili maelezo ya ziada. Kwa miaka mingi Nairobi iliendelea kutoza kodi hiyo kwa kutumia orodha ya uthamini ya mwaka 1980, wakati ambapo shamba lililokuwa nje kidogo ya mji lilikuwa bado shamba. Orodha mpya ilipoanza kutumika, kiwango kiliwekwa kuwa asilimia 0.115 ya thamani ya sasa ya ardhi. Asilimia hiyo inaonekana ndogo sana, lakini hutozwa kwa thamani iliyopanda mara nyingi, na ndiyo sababu wenye viwanja vya zamani walishtuka walipopokea madai yao.

Kwa nini mgao kutoka serikali ya kitaifa hubadilika baada ya kaunti kupitisha bajeti yake?

Katiba inaweka kima cha chini tu, kwamba kaunti zote kwa pamoja zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, yakipimwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Kiasi halisi hujadiliwa kila mwaka baina ya Bunge la Taifa na Seneti, na mara nyingi mjadala huo huwa mkali. Mwaka 2024, Mswada wa Fedha wa kitaifa ulipoondolewa kufuatia maandamano, mgao wa kaunti zote kwa mwaka wa 2024/25 ulishushwa kutoka shilingi bilioni 400.1 hadi bilioni 387.4, ilhali kaunti zilikuwa zimeshapanga matumizi yake kwa kutegemea kiwango cha awali.

Mgawanyo baina ya kaunti hufuata fomula inayopitishwa na Seneti kutokana na mapendekezo ya Tume ya Ugavi wa Mapato. Fomula ya tatu, iliyopitishwa Septemba 2020 baada ya mvutano wa miezi kadhaa, iliupa wingi wa watu uzito wa asilimia 18, afya 17, kilimo 10 na huduma za mijini 5. Msomaji anaweza kujiuliza mwenyewe jinsi mizani hiyo ilivyoiangalia kaunti ambayo yote ni mji na ambayo, kwa mujibu wa sensa ya 2019, ina wakazi 4,397,073.

Kwa nini kila mwaka tunaambiwa kwamba mapato hayakufikia lengo?

Hili ndilo swali ambalo mkazi akilielewa vizuri, mengine mengi hujifungua yenyewe.

Katika mwaka uleule wa 2023/24, kaunti ilikusanya zaidi kidogo ya shilingi bilioni 12 kutoka vyanzo vyake, na maofisa wake wakasifu makusanyo hayo. Yalistahili kusifiwa yakilinganishwa na ya miaka iliyotangulia. Hata hivyo lengo lilikuwa karibu bilioni 20, kwa hiyo bajeti ilikuwa na pengo la takriban bilioni 7 tangu siku iliyopitishwa, na kila aliyeisoma akiwa na makusanyo ya mwaka uliopita mkononi angeliona pengo hilo.

Maelezo ya kawaida huwa ni kwamba wakazi wamekwepa kulipa, mfumo wa malipo ya kidijitali umekwama au biashara zimedorora. Sababu hizo zina ukweli wake, lakini hazielezi kwa nini lengo huwekwa juu mno mwaka baada ya mwaka. Kwa maoni ya mwandishi, jibu limo katika namna bajeti inavyotengenezwa. Sheria inataka mapato na matumizi vilingane. Upande wa matumizi unabanwa na mishahara isiyoweza kuguswa, madeni ya zamani, ahadi za gavana na matakwa ya wadi 85, kila moja ikitaka barabara, taa na zahanati yake. Upande wa mapato, mgao wa kitaifa umewekwa na sheria ya taifa na ruzuku zimefungwa na mikataba. Tarakimu moja tu inaweza kuvutwa kama mpira hadi hesabu zikutane, nayo ni makadirio ya mapato ya ndani.

Matokeo yake ni kwamba bajeti hupitishwa ikiwa na miradi mingi kuliko fedha, kisha uamuzi wa mradi upi utekelezwe na upi uachwe hufanywa baadaye, kidogo kidogo, katika ofisi ya fedha, mbali na macho ya umma. Bunge la Kaunti huwa limeidhinisha orodha, ila aliye na kalamu ya malipo ndiye anayepanga foleni.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ya yeyote anayechunguza bajeti mpya ni kuchukua lengo la mapato ya ndani na kuliweka kando ya makusanyo halisi ya miaka mitatu iliyopita. Lengo likizidi makusanyo ya mwaka uliotangulia kwa zaidi ya nusu, na waraka usitaje chanzo kipya kinachoeleweka, mkazi aihesabu tofauti hiyo kuwa miradi ambayo haitafanyika.

Malimbikizo ya madeni yanahusiana vipi na hayo?

Yanahusiana moja kwa moja. Idara hutangaza zabuni kwa kutegemea bajeti, mkandarasi hufanya kazi na kuwasilisha ankara, halafu fedha hukosekana kwa kuwa mapato yaliyokadiriwa hayakuingia. Ankara hiyo huingizwa katika orodha ya madeni, na mwaka unaofuata inapaswa kulipwa kabla ya mradi mpya kuanza.

Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti, ofisi inayoidhinisha fedha za umma kabla hazijatolewa, za miaka ya karibuni zinaonyesha Nairobi ikidaiwa zaidi ya shilingi bilioni 80, kiasi ambacho hakuna kaunti nyingine inayokikaribia. Si yote yaliyotokana na utawala wa sasa wala uliotangulia. Sehemu fulani ilirithiwa mwaka 2013 kutoka kwa lililokuwa Baraza la Jiji, ikiwemo michango ya pensheni ya wafanyakazi ambayo ilikatwa au kupaswa kulipwa na haikufikishwa kwenye mifuko yao, na riba na adhabu zimeendelea kuiongeza. Sehemu nyingine, ambayo wakaguzi wameihoji mara nyingi, ni mabilioni yanayodaiwa na mawakili walioiwakilisha kaunti mahakamani.

Unaposoma orodha ya madeni, angalia mambo matatu: umri wa deni, kama limethibitishwa au linabishaniwa, na kama fungu la kulilipa limo katika bajeti ya mwaka huu. Deni lililokubaliwa ambalo halikutengewa fungu ni ahadi tupu, na mara nyingi anayeumia ni mfanyabiashara mdogo aliyekopa benki ili apeleke vyakula hospitalini au kokoto barabarani.

Mwaka wa bajeti huendaje, na ni wakati gani sauti ya mkazi ina uzito?

Kazi huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka wa fedha unapoanza Julai, mwaka unaofuata nao huanza kupangwa. Kufikia tarehe 30 Agosti waziri wa fedha wa kaunti hutoa waraka wa maelekezo, na tarehe 1 Septemba Mpango wa Maendeleo wa Kila Mwaka huwa umewasilishwa kwa Bunge la Kaunti. Tarehe 30 Septemba ni siku ya mwisho ya kutoa Tathmini ya Bajeti, inayoeleza mwaka uliokwisha ulivyokwenda. Kufikia tarehe 28 Februari huwasilishwa Mkakati wa Kifedha wa Kaunti, ambao huweka kikomo cha fedha kwa kila idara. Makadirio yenyewe hufikishwa bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, na sheria ya kuidhinisha matumizi hupitishwa kabla ya tarehe 30 Juni. Sheria ya Fedha, ile ya ada na kodi, inaweza kuja hadi siku 90 baadaye.

Vikao vya hadhara hujaa mwezi Mei, wakati makadirio yameshachapishwa, na wakazi hufika wakiwa na maombi ya miradi. Kwa bahati mbaya huo ni wakati ambao nafasi ya mabadiliko imebaki ndogo. Kwa mujibu wa kanuni za 2015, Bunge la Kaunti linapoyajadili makadirio haliwezi kupandisha au kushusha fungu la idara kwa zaidi ya asilimia moja ya kikomo chake, na kila nyongeza lazima ifidiwe na punguzo mahali pengine. Anayetaka afya ipate zaidi na safari zipate kidogo anapaswa kusema hivyo Februari, Mkakati wa Kifedha unapojadiliwa. Anayetaka mradi fulani wa wadi uorodheshwe anapaswa kusema hivyo kabla ya Septemba. Mwezi Mei ni wa kuuliza kilichoondolewa.

Niombe waraka upi kwanza?

Ukiweza kupata mmoja tu, chukua ripoti ya mwaka ya Mdhibiti wa Bajeti na ufungue sura ya Nairobi. Ina lengo la mapato na makusanyo, bajeti ya kila idara, fedha zilizoidhinishwa kutolewa, fedha zilizotumika na orodha ya madeni. Makadirio ya kaunti ni mazito zaidi na hueleza nia, ilhali ripoti hiyo hueleza kilichotokea.

Ni huduma gani hasa zinazogharimiwa na bajeti hii?

Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi. Kaunti inasimamia zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti kama vile Mama Lucy Kibaki, Mbagathi na Pumwani, uzoaji wa taka, barabara za kaunti, taa za barabarani na maegesho, masoko na leseni, elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji, zimamoto, makaburi, na mipango ya ardhi na ujenzi. Polisi, shule za msingi na sekondari, vyuo vikuu na hospitali za rufaa za kitaifa kama ile ya Kenyatta ni za serikali ya kitaifa. Maji na majitaka hutolewa na kampuni inayomilikiwa na kaunti, ambayo hujiendesha kwa ankara za wateja, kwa hiyo hesabu zake hutafutwa kando.

Barabara ndizo zinazochanganya watu zaidi. Barabara Kuu ya Thika iko chini ya mamlaka ya kitaifa ya barabara kuu, barabara nyingi kubwa za mitaani ziko chini ya mamlaka ya kitaifa ya barabara za mijini, na zilizobaki ni za kaunti. Kabla ya kumlaumu mwakilishi wa wadi kwa shimo lililo mbele ya duka lako, hakikisha kwanza barabara hiyo ni ya nani, kwani nimeona mkutano mzima wa hadhara ukiisha kwa mabishano juu ya barabara ambayo kaunti haikuwa na senti yake hata moja.

Mipaka hii nayo si ya kutulia. Mpango wa Dishi na County, ulioanza mwaka 2023 na unaomwezesha mwanafunzi kupata chakula cha mchana kwa shilingi tano, unahudumia pia shule za msingi za umma ambazo kikatiba si za kaunti. Suala kama hilo lilizuka kuhusu basari Januari 2025, Mdhibiti wa Bajeti alipozitaka kaunti ziwe na makubaliano rasmi na serikali ya kitaifa kabla ya kulipia masomo ya wanafunzi wa ngazi zisizo za kaunti, nayo mahakama ikausimamisha waraka huo. Mkazi anaweza kuupenda mradi na bado akauliza fedha zake zimetolewa kwa sheria ipi, na ni kazi gani ya kaunti iliyopunguziwa ili nafasi ipatikane.

Sheria inasema asilimia 30 iende kwa maendeleo na mishahara isizidi asilimia 35. Je, Nairobi hutimiza?

Katika bajeti inayopitishwa, asilimia 30 huwa imetimizwa au kukaribiwa. Katika matumizi halisi, Nairobi imekuwa mara kwa mara miongoni mwa kaunti zinazoshika mkia. Mishahara lazima ilipwe kila mwezi, la sivyo madaktari na wazoa taka hugoma. Mradi wa maendeleo hauwezi kugoma. Fedha zinapopungua, ndio unaoahirishwa.

Kuhusu mishahara kuna hila ya hesabu ambayo msomaji anapaswa kuijua. Asilimia 35 ya bajeti ya bilioni 42.3 ni karibu bilioni 14.8. Lakini kipimo cha kisheria ni mapato ya kaunti, na mapato halisi yakiwa bilioni 33, asilimia 35 hushuka hadi takriban bilioni 11.5. Malipo yaleyale ya mishahara yanaweza kuonekana yako ndani ya kikomo yakipimwa kwa bajeti, na kukivuka kwa mbali yakipimwa kwa fedha zilizoingia. Kila unapoona asilimia, tafuta imegawanywa kwa nini.

Si haki, hata hivyo, kulibeza fungu lote la mishahara. Muuguzi ni matumizi ya kawaida na jengo la zahanati ni maendeleo, lakini jengo lisilo na muuguzi halijamtibu mtu.

Fedha zinazolipwa hospitalini huenda wapi?

Zamani hospitali za kaunti zilipeleka makusanyo yake katika hazina ya kaunti na kusubiri yarudi, na kuna wakati hayakurudi. Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo vya Afya ya 2023 inaviruhusu vituo kubaki na fedha hizo na kuzitumia papo hapo. Kwa mchunguzi, maana yake ni kwamba fedha za hospitali sasa hutafutwa mahali pawili, yaani katika fungu la idara ya afya na katika hesabu za kituo chenyewe. Ukiangalia mahali pamoja tu, utakosea.

Mdhibiti wa Bajeti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wanatofautianaje?

Mdhibiti hukaa mlangoni kabla ya fedha kutoka. Hakuna shilingi inayoweza kutolewa katika Hazina ya Mapato ya Kaunti bila idhini yake, na hutoa ripoti ya utekelezaji kila robo mwaka. Mkaguzi Mkuu huja baada ya mwaka kwisha. Katiba humpa miezi sita, yaani hadi tarehe 31 Desemba, kutoa ripoti inayosema kama hesabu ni za kweli na kama fedha zilitumika kihalali na kwa manufaa. Kwa sasa ofisi hizo zinaongozwa na Margaret Nyakang'o na Nancy Gathungu.

Idhini ya Mdhibiti si ushahidi kwamba fedha zilitumika vizuri, kwa sababu yeye huthibitisha kwamba ombi lina msingi wa kisheria, na hafuatilii lori la kokoto hadi barabarani. Ripoti ya Mkaguzi ndiyo inayofuata lori. Isome kuanzia mwanzo, kwenye maoni, kwa kuwa hati safi, hati yenye shaka, hati mbaya na kukataa kutoa maoni ni vitu vinne tofauti. Mkaguzi akikataa kutoa maoni hajasema kwamba fedha zimeibwa. Amesema kwamba hakupewa vielelezo vya kutosha kujua, jambo ambalo kwa mtunza fedha za umma ni aibu ya kutosha.

Baada ya hapo Bunge la Kaunti lina miezi mitatu ya kuijadili ripoti na kuchukua hatua, nayo Seneti huwaita magavana mbele ya kamati yake ya hesabu za kaunti. Magazeti huandika sana habari za vikao vya Seneti. Vikao vya kamati ya hesabu za umma ya Bunge la Kaunti huandikwa kwa nadra, ingawa ndimo maofisa wakuu wa idara, waliotia saini malipo yenyewe, wanapoulizwa.

Je, bajeti ya ziada ni jambo baya?

Si lazima. Mafuriko yakija au mgao ukipunguzwa, bajeti lazima irekebishwe, na sheria inaruhusu matumizi ya ziada yasiyozidi asilimia 10 ya kiasi kilichoidhinishwa. Tatizo ni kwamba bajeti hii hupita upesi, mara nyingi kukiwa na ushirikishaji hafifu wa umma, na ndani yake mradi uliopiganiwa tangu Septemba unaweza kufutwa kwa mstari mmoja. Iwekwe kando ya bajeti ya awali, na kila fungu lililopungua liulizwe sababu.

Kaunti inaweza kukopa?

Inaweza, ila kwa masharti mawili yaliyo katika Kifungu cha 212, yaani dhamana ya serikali ya kitaifa na idhini ya Bunge la Kaunti. Kwa kuwa dhamana ni ngumu kupatikana, kutolipa wakandarasi kumegeuka kuwa mkopo usio na jina.

Kwa nini takwimu za 2020 hadi 2022 hazioani na za miaka mingine?

Tarehe 25 Februari 2020 kaunti ilitia saini hati ya kuikabidhi serikali ya kitaifa kazi za afya, uchukuzi, ujenzi na huduma shirikishi, pamoja na mipango ya jiji. Kazi hizo zilisimamiwa na Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi (Nairobi Metropolitan Services, NMS), chini ya Mohammed Badi, hadi mwisho wa Septemba 2022. Sehemu ya fedha zake ilipitia vitabu vya serikali ya kitaifa. Anayechora mstari wa matumizi ya afya tangu 2013 ataona bonde katika miaka hiyo, na asipojua historia anaweza kudhani zahanati zilifungwa.

Ushirikishaji wa umma una nguvu gani kisheria?

Una nguvu ya kuiangusha sheria. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na tangu hapo kaunti nyingi zimekuwa makini kutangaza vikao magazetini na kuweka daftari la mahudhurio. Umakini huo una kasoro yake. Daftari lenye majina 300 huthibitisha kwamba watu walifika, lakini halisemi kama walipewa waraka mapema, kama waliuelewa, au kama hoja yao ilijibiwa. Nimehudhuria kikao ambacho makadirio yenye kurasa mamia, yote kwa Kiingereza, yaligawiwa mlangoni, nakala moja kwa kila safu ya viti.

Kwa hiyo andika. Wasilisha memoranda yenye kurasa mbili kwa karani wa Bunge la Kaunti, taja namba ya fungu na ukurasa, na ubaki na nakala iliyopigwa mhuri. Kuna pia Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti, ambamo wawakilishi wa wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, wazee, watu wenye ulemavu na mashirika ya dini hukaa na gavana na mawaziri wake. Uliza anayekiwakilisha kikundi chako ni nani.

Nifanyeje nikinyimwa waraka?

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kueleza sababu. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na muda huo unaweza kuongezwa mara moja kwa siku 14. Gharama pekee unayoweza kudaiwa ni ya kunakili na, ikibidi, ya kukufikishia nakala. Usipojibiwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huijua kwa jina la Ombudsman.

Omba kitu mahususi. Ombi la "taarifa zote za bajeti ya afya" hurudishwa kirahisi, lakini si rahisi kulikwepa ombi la "orodha ya malipo yaliyofanywa kwa ukarabati wa zahanati ya wadi yetu kati ya Julai na Desemba, pamoja na namba ya zabuni na jina la mkandarasi".

Nimekuta mradi wa wadi yetu umeandikwa kuwa umekamilika, nami naujua kuwa ni msingi tu na magugu. Nianzie wapi?

Anza kwa picha yenye tarehe na mahali, ukiwa na mashahidi wawili au watatu wanaoishi karibu. Kisha ufuatilie mradi huo katika nyaraka nne kwa mpangilio: Mpango wa Maendeleo wa Kila Mwaka, makadirio yaliyoidhinishwa, bajeti ya ziada kama ilikuwepo, na ripoti ya utekelezaji. Andika kiasi kilichotajwa katika kila waraka. Mara nyingi utakuta mradi umehama jina njiani, kwa mfano "ujenzi wa zahanati" ukawa "ukarabati wa vituo vya afya, wadi mbalimbali", na hapo ndipo uzi hukatika. Mafungu yenye maneno "mbalimbali" na "mengineyo" yasomwe kwa makini maradufu.

Ukishapata namba ya zabuni, muulize mwakilishi wa wadi kwa barua, si kwa simu, kama alishiriki kuukagua mradi. Asipojibu ndani ya muda unaofaa, Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinakupa haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa Bunge la Kaunti. Peleka nakala kwa ofisi ya Mkaguzi Mkuu kabla ripoti yake haijatoka, kwa kuwa wakati huo wakaguzi wake huwa bado wako kazini wakipitia vocha za mwaka uliofungwa, na picha ya magugu yako inaweza kuwakuta wakiwa na vocha ya mradi huohuo mezani.